Vichala vya Metali na Hewa ya Ukaa: Tumefika Wapi?

Kila mwaka viwanda, magari na mitambo ya umeme duniani hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kinachorudi kutumika ni kidogo mno. Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba dunia hutumia tani zipatazo milioni 230 za gesi hii kwa mwaka. Zaidi ya nusu yake, tani milioni 130, huingia katika kutengeneza mbolea ya urea, na sehemu kubwa ya iliyobaki husukumwa ardhini ili kukamua mafuta zaidi kutoka visimani. Soda na bia huchukua chembe tu.

Ndoto ya wakemia ni kuifanya gesi hiyo kuwa malighafi. Wanataka kupata humo methanoli ya kuendeshea meli na kutengenezea gundi, ethilini ya kutengenezea plastiki, asidi ya fomiki ya kugandishia utomvu wa mpira na kusindikia ngozi, na kaboni monoksaidi ambayo ni mlango wa kuundia mafuta ya ndege na kemikali nyingi. Katika kuitafuta njia, kundi moja la vichocheo limevuta macho ya maabara nyingi tangu mwanzoni mwa karne hii, nalo ni vichala vya metali. Hivi ni vifungu vya atomi chache zilizoshikamana zenyewe kwa zenyewe, vidogo kiasi kwamba mtafiti anaweza kutaja idadi ya atomi zake moja baada ya nyingine.

Swali la uchambuzi huu ni vichala hivyo vinaweza nini, vimekwama wapi, na sisi tulioko Afrika Mashariki na Kongo tuna nafasi gani katika kazi hiyo. Jibu langu nalitanguliza. Hadi sasa vichala vimetufundisha mengi kuliko vilivyotuzalishia, na mafunzo hayo yana thamani kubwa. Lakini anayevitarajia vifute moshi wa dunia kwa nguvu zake pekee anavitwika mzigo ambao kwa haki ni wa umeme safi.

Gesi iliyokwisha kuungua

Ugumu unaanzia kwenye gesi yenyewe. Kaboni dayoksaidi ni kile kinachobaki moto ukishamaliza kazi yake. Atomi moja ya kaboni imekaa katikati, oksijeni mbili zimeishika huku na huku katika mstari ulionyooka, na nishati iliyokuwamo ndani ya kuni au petroli imeshatoka. Anayetaka kuigeuza tena kuwa mafuta hana budi kuirudishia nishati ile ile, na ziada juu yake. Hakuna kichocheo, kiwe cha dhahabu au cha chuma, kinachoweza kufuta deni hilo. Kazi ya kichocheo ni kupunguza ziada inayohitajika, kuharakisha mmenyuko, na kuuelekeza upande unaotakiwa bila chenyewe kuisha.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Ili molekuli hii ipokee elektroni moja peke yake ni lazima ijikunje, na katika maji jambo hilo hudai volti hasi zinazokaribia 1.9. Uso wa metali husaidia kwa kuishika molekuli inapojikunja na kuipatia elektroni pamoja na protoni. Baada ya hapo njia hugawanyika. Elektroni 2 hutoa kaboni monoksaidi au asidi ya fomiki, 6 hutoa methanoli, 8 methani, na 12 ethilini au ethanoli. Wakati huohuo maji yaliyozunguka elektrodi yanazigombania elektroni hizo hizo ili yatoe hidrojeni. Kwa hiyo kichocheo kina kazi mbili, kuharakisha na kuchagua, na hiyo ya pili ndiyo inayovishinda vingi.

Mfaransa Paul Sabatier wa Toulouse aliona sehemu ya jambo hili zaidi ya karne moja iliyopita. Alionyesha kwamba nikeli yenye joto huunganisha kaboni dayoksaidi na hidrojeni kuwa methani na maji, na kazi zake za vichocheo zikampatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912. Mmenyuko unaoitwa kwa jina lake umetumika hata katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kupata maji kutokana na hewa wanayoitoa wanaanga. Aliacha pia kanuni ambayo haijapitwa na wakati, kwamba kichocheo kizuri hushika kwa kiasi. Kikishika kwa ulegevu, molekuli huondoka kabla ya kazi kuanza. Kikishika kwa nguvu mno, zao halitoki na nafasi inazibwa.

Kanuni hiyo ilionekana wazi Japani katika miaka ya 1980, pale Yoshio Hori na wenzake wa Chiba walipojaribu metali moja baada ya nyingine kama elektrodi katika maji yenye kaboni dayoksaidi. Dhahabu, fedha na zinki zilitoa zaidi kaboni monoksaidi. Bati, risasi na indiamu zilitoa fomati, ambayo ni chumvi ya asidi ya fomiki. Platini, nikeli na chuma zilitoa hidrojeni ya maji na kuiacha gesi karibu ilivyokuwa. Shaba peke yake ndiyo iliyoendelea hadi methani, ethilini na pombe, kwa sababu inaishika kaboni monoksaidi kwa nguvu ya wastani, ya kutosha kuizuia isikimbie na isiyotosha kuifunga. Lakini shaba hiyo hiyo hutoa mazao mengi kwa mkupuo mmoja, zaidi ya kumi, na kuyatenganisha ni gharama. Tangu wakati huo swali kubwa la fani hii limekuwa namna ya kuifanya shaba ichague.

Atomi zinazohesabika

Mwaka 1987 Mjapani mwingine, Masatake Haruta, alitangaza matokeo yaliyowashangaza wakemia. Dhahabu, metali iliyosifika kwa kutojali chochote, iliweza kuunguza kaboni monoksaidi hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, mradi iwe katika chembe ndogo za nanomita chache zilizokaa juu ya oksidi ya metali nyingine. Ikawa wazi kwamba tabia ya kichocheo hutegemea pia ukubwa, kwa kiwango ambacho jina la metali peke yake halitoshi kuitabiri.

Chembe ya dhahabu yenye upana wa nanomita 5 ina atomi zipatazo elfu nne. Ndani ya chupa moja ya chembe kama hizo hakuna mbili zinazofanana kabisa, kwani moja ina kona nyingi, nyingine ina uso bapa, nyingine imeumbuka. Mtafiti anapopima kazi yao hupata wastani, na wastani huo haumwambii ni atomi zipi zilizofanya kazi, sawa na mtu anayesikiliza kwaya nzima akitaka kujua ni nani aliyekosea sauti.

Vichala vinaondoa kikwazo hicho. Fikra yenyewe si ngeni, kwani tangu miaka ya 1960 mkemia Mmarekani F. Albert Cotton alikwisha kuvipambanua kama kundi la pekee la kampaundi, ambamo atomi za metali zimefungamana moja kwa moja. Kilichobadilika katika karne hii ni uwezo wa kuvitengeneza vikiwa vyote sawa, kuvigandisha kuwa fuwele, na kuvipiga picha kwa eksirei hadi kila atomi ikajulikana ilipo. Mwaka 2007 kundi la Roger Kornberg wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha umbo la kichala cha dhahabu chenye atomi 102. Mwaka uliofuata makundi mawili ya Marekani yalichapisha, kila moja kwa njia yake, umbo la kichala cha atomi 25 ambacho kimekuwa kipimo cha fani nzima.

Kichala hicho cha 25 kinastahili kutazamwa kwa karibu. Katikati kuna atomi moja, imezungukwa na nyingine 12 katika umbo la pande ishirini. Atomi 12 zilizobaki zimekaa nje katika pingu sita za dhahabu na salfa, na molekuli 18 zenye salfa, ziitwazo ligandi, zimelifunika umbo zima. Kikiwa na chaji hasi moja, kichala huwa na elektroni 8 huru zinazojipanga kana kwamba kichala chote ni atomi moja kubwa, na idadi hiyo ndiyo inayokipa uthabiti. Ukubwa ukishuka hivi, metali haiwi metali tena kwa maana ya kawaida. Elektroni zake zinakaa katika ngazi zilizotengana, na kuongeza au kubadili atomi moja tu kunaweza kugeuza tabia yote.

Mwaka 2012 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Teknolojia ya Nishati ya Marekani, pamoja na Rongchao Jin wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walikitumia kichala hicho kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa kaboni monoksaidi kwa umeme. Karibu elektroni zote walizozitia ziliingia katika zao hilo moja, na mmenyuko ulianza kwa volti ya ziada ndogo mno. Tangu hapo maabara nyingi zimejaribu kubadili atomi moja ya dhahabu kwa paladiamu, platini au fedha ili kuona kazi inavyobadilika.

Yapo yaliyojifunzwa hapa ambayo chembe kubwa zisingeyafichua. Mahesabu ya kompyuta yalionyesha kwamba kichala kikiwa kamili, kimefunikwa na ligandi zake zote, hakina mahali pazuri pa kuishika molekuli inayojikunja. Inabidi ligandi moja au sehemu yake iondoke ili atomi ya dhahabu au salfa ibaki wazi. Ganda linalokilinda kichala ndilo linalokizuia kufanya kazi, na ukilivua lote kichala huungana na wenzake kuwa chembe kubwa na kupoteza sifa zake. Kupata kiasi sahihi cha kuvua, na kukidumisha, ndiyo kazi inayowashughulisha watafiti wengi leo.

Shaba ndogo kuliko zote

Kwa kuwa shaba ndiyo metali inayofika mbali, vichala vya shaba vina umuhimu wa pekee, navyo ni vigumu zaidi kwa sababu shaba huoksidika upesi. Mwaka 2015 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Argonne, Marekani, walitandaza juu ya alumina vichala vyenye atomi nne tu za shaba, vilivyochujwa kwa uzito kimoja kimoja kabla ya kutua. Vilitengeneza methanoli kutokana na kaboni dayoksaidi na hidrojeni kwa shinikizo dogo sana kuliko la viwandani. Walipolinganisha ukubwa mbalimbali baadaye, vya atomi nne vilivishinda vya tatu na vya ishirini. Hakuna mtu ambaye angeibashiri tofauti hiyo kati ya atomi tatu na nne kwa kutazama shaba ya waya.

Mwaka 2020 kundi lililohusisha Argonne hiyo hiyo na Chuo Kikuu cha Northern Illinois lilitangaza kichocheo cha shaba juu ya kaboni kilichotoa ethanoli kwa ufanisi wa elektroni wa asilimia 91. Shaba ilipowekwa ilikuwa atomi moja moja zilizotengana. Umeme ulipopita, atomi hizo zilikusanyika kuwa vichala vya atomi tatu au nne, vikafanya kazi, na umeme ulipokatwa zikatawanyika tena. Tokeo hilo linatudai tahadhari, kwamba kichocheo kinachopimwa mezani kabla ya kazi huenda si kile kinachofanya kazi. Kwa hiyo kuchunguza kichala kikiwa kazini, kwa eksirei kali za mitambo mikubwa, si anasa ya maabara tajiri. Bila uchunguzi huo hatujui tunachokisifu.

Njia nyingine inahusu hidrojeni iliyofichwa. Kichala chenye shaba 32 na hidrojeni 20 ndani yake kimeonyesha kwamba hidrojeni hizo zinaweza kuhamia moja kwa moja kwenye kaboni na kutoa asidi ya fomiki kwa volti ya ziada ndogo, kisha nafasi zake zikajazwa upya. Na kwa wanaotafuta metali za bei nafuu, Louise Berben wa Chuo Kikuu cha California, Davis, amefanya kazi na kichala cha chuma nne chenye atomi moja ya nitrojeni katikati, ambacho hugeuza kaboni dayoksaidi kuwa fomati ndani ya maji ya kawaida. Chuma ambacho kikiwa bamba hutoa hidrojeni, kikiwa kichala cha atomi nne kinabadili tabia. Hoja ya vichala haihitaji ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo.

Viumbe walitangulia

Binadamu hakuanza kazi hii. Bakteria wanaoishi pasipo oksijeni wamekuwa wakiifanya tangu zama za kale sana. Mwaka 2001 wanasayansi walipiga picha ya kimeng'enya kinachogeuza kaboni dayoksaidi na kaboni monoksaidi, moja kuwa nyingine na kurudi. Moyo wake ni kichala cha nikeli moja, chuma nne na salfa. Hakina dhahabu wala platini. Hufanya kazi bila ziada ya nishati ya kuhesabika, katika joto la kawaida la maisha ya kiumbe, na hakikosei zao.

Siri yake haiko kwenye kichala peke yake. Protini iliyokizunguka huipanga molekuli mahali pake, huleta protoni kwa wakati wake, na hupitisha elektroni kupitia vichala vingine vya chuma na salfa vilivyopangwa kwa mstari. Wakemia wanaounda ligandi leo wanajaribu kuiga kazi hiyo. Lakini kimeng'enya hicho kina udhaifu wake, kwa maana oksijeni kidogo tu hukiharibu, na gesi za viwandani mara nyingi huwa na oksijeni.

Mfano wa kazi ya viumbe hao tunao karibu. Maji ya chini ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Kaboni dayoksaidi hiyo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye volkano. Sehemu ya methani imetengenezwa humo humo na vijidudu vinavyounganisha kaboni dayoksaidi na hidrojeni kwa msaada wa nikeli, kazi ile ile aliyoifanya Sabatier kwa joto kali. Huko Karongi, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huvuta methani hiyo na kuiuza kama umeme. Wakazi wa Goma wanajua upande mwingine wa gesi ya ziwa na volkano, kwani mazuku, yaani hewa ya ukaa inayokaa mabondeni, imeua watu na mifugo.

Pale kazi inapokwama

Tukitoka maabara kwenda kiwandani, vikwazo vinajipanga, na ni vyema kuvitaja bila kuvipunguza.

Kwanza ni maisha ya kichocheo. Kiwanda kinahitaji kichocheo kitakachodumu maelfu mengi ya saa. Majaribio mengi ya vichala huripotiwa kwa saa chache au siku chache. Joto huvifanya vitembee na kuungana, umeme huvua ligandi, na uchafu wa salfa katika gesi ya bomba la moshi hukaa juu ya metali bila kutoka.

Pili ni kasi. Lita moja ya maji katika nyuzi joto 25 huyeyusha gramu 1.5 tu za kaboni dayoksaidi kwa shinikizo la kawaida la hewa. Kichocheo kilichozamishwa majini hukosa chakula haraka. Wahandisi wamejibu kwa elektrodi zenye vinyweleo zinazopitisha gesi upande mmoja na maji upande wa pili, na kasi imepanda mara nyingi. Lakini vichala vingi vimepimwa kwa njia ya zamani tu, na kufaulu katika kikombe cha maabara si dhamana ya kufaulu huko.

Tatu ni gesi inayopotea. Mmenyuko huzalisha haidroksaidi, nayo hunasa kaboni dayoksaidi na kuifanya kabonati. Katika mitambo mingi ya maji yasiyo na asidi, nusu ya gesi inayoingia inaweza kuishia hivyo hata kama zao ni kaboni monoksaidi, na robo tatu kama zao ni ethilini. Chumvi hiyo huziba vinyweleo. Mitambo ya asidi inapunguza tatizo, ila katika asidi hidrojeni hushindana kwa nguvu zaidi.

Nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni umeme. Hesabu yake si ngumu, na kila msomaji anaweza kuirudia. Tani moja ya methanoli inahitaji tani 1.375 za kaboni dayoksaidi na kilo 188 za hidrojeni. Kupata kilo moja ya hidrojeni kwa kupasua maji hula angalau uniti 50 za umeme katika mitambo ya sasa. Hizo ni uniti zinazokaribia 9,400 kwa tani moja ya methanoli, kabla ya kuhesabu pampu na joto. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, yanayotoa takriban kilo 0.9 za hewa ya ukaa kwa uniti, tutakuwa tumetoa zaidi ya tani 8 ili kutumia tani 1.4. Hata umeme wa gesi asilia, kwa takriban kilo 0.4 kwa uniti, unatuacha na deni la zaidi ya tani mbili. Na methanoli hiyo ikichomwa, zile tani 1.375 zinarudi angani. Kichala bora kabisa duniani hakiwezi kulibadili jambo hilo.

Kwa sababu hiyo viwanda vilivyokwisha kujengwa vina funzo. Mwaka 2012 kampuni ya Carbon Recycling International ilifungua huko Svartsengi, Iceland, kiwanda kilichopewa jina la George Olah, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 1994 aliyeitetea methanoli kama mafuta ya kesho. Kilitumia hewa ya ukaa na umeme wa jotoardhi, kwa uwezo wa tani zipatazo 4,000 za methanoli kwa mwaka. Teknolojia ya kampuni hiyo ilipelekwa Anyang, China, ambako kiwanda cha tani 110,000 kwa mwaka kilianza kazi mwaka 2022, ila hidrojeni yake hutoka kwenye gesi za tanuri za makaa ya koki. Vichocheo vya namna hii ni ndugu wa unga wa shaba na zinki ambao kampuni ya ICI ya Uingereza iliuingiza viwandani mwaka 1966. Hadi leo kiwanda kikubwa kinachotegemea vichala vyenye idadi kamili ya atomi hakipo.

Sisi tumesimama wapi

Upande wetu wa dunia una mambo matatu ambayo kazi hii inayahitaji. Hewa ya ukaa safi tunayo. Carbacid huivuna kutoka ardhini Kereita, Kiambu, na TOL Gases huivuna wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Umeme wa jotoardhi tunao. Olkaria na maeneo ya jirani yake yameipa Kenya uwezo wa zaidi ya megawati 900, na mvuke huo wenyewe hutoka na kaboni dayoksaidi. Metali tunazo pia. Shaba na kobalti za Lubumbashi na Kolwezi zinalisha viwanda vya dunia, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Hata hivyo kuwa na vitu hivyo si sababu ya kukimbilia kujenga kiwanda. Nchi ambayo watu wake wengi bado wanapikia mkaa ina matumizi ya kwanza ya umeme wake safi majikoni na mashuleni. Kinachofaa sasa ni utafiti unaolingana na mifuko yetu. Mahesabu ya vichala hufanywa kwa kompyuta na programu ambazo nyingi hutolewa bure, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Lubumbashi, pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, vinaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko ya maabara ya eksirei. Vipo pia vipimo vinavyohusu hali yetu hasa, kama vile kichala gani kinavumilia salfa iliyomo katika gesi ya jotoardhi, au vijidudu vya Kivu vinatumia vichala gani kuishi katika shinikizo la kina kile. Maswali hayo yakijibiwa na wengine, tutanunua majibu. Kadhalika, serikali zinazouza shaba kama mawe zidai katika mikataba nafasi za mafunzo ya kemia ya vichocheo, kwa kuwa tani ya shaba ghafi na gramu ya kichocheo kilichoundwa kwa ustadi hazina bei ya kukaribiana.

Hukumu yangu ni hii. Kama elimu, vichala vya metali vimefaulu, kwa kuwa vimetuonyesha ni atomi ipi inafanya nini na kwa nini nne si sawa na tatu. Kama nyenzo ya kiwanda, bado havijathibitishwa, na itachukua kazi ndefu ya kuvidumisha na kuviweka katika mitambo ya kweli. Kama dawa ya tabianchi, nafasi yao ni ndogo, nayo inakuja baada ya kuacha kuchoma makaa, kwa zile kemikali ambazo dunia itaendelea kuzihitaji na haina njia nyingine ya kuzipata.

Kwa hiyo msomaji atakaposikia tangazo la kichocheo kipya kinachogeuza moshi kuwa mafuta, aulize mambo manne. Umeme unatoka wapi? Kati ya elektroni mia, ngapi zimeingia katika zao linalotakiwa? Kimefanya kazi saa ngapi bila kuchoka? Na kati ya gesi iliyoingia, kiasi gani kimegeuzwa kweli? Tangazo lenye majibu yote manne linastahili kusikilizwa, na lililokosa hata moja lisubiri.